Kijitabu cha Choo na Chungu cha Bibi

Kabla ya kuonja pombe ya bibi nilisukutua kinywa mara tatu kwa maji ya kisima, nikakaa bila kula wala kusema mpaka kivuli cha nguzo kigeuke, kisha nikasukutua mara ya nne kwa sababu sikuwa na hakika na ile ya tatu. Hayo hakunifundisha mtu. Mimi niliishia darasa la nne. Mengine yote nimejifunza kwa kusoma kila karatasi iliyonipitia mbele, hata ya kufungia sabuni, na mtu anayejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia kwamba sasa imetosha.

Bibi, mama yake mama yangu, alikuwa mpikaji pombe wa kilima chetu kizima. Tulipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, huku upande wa Simbo, aliacha migomba, makaburi ya watu wake, na jiwe kubwa la kusagia lililowashinda wabebaji. Alichofika nacho kizima ni jina lake, yule mama wa inzoga, ndiyo pombe kwa Kiha chetu. Mvua za kwanza hazijaisha, akaugua mafua makali. Yeye akapona, lakini pua na ulimi havikupona. Niligundua siku alipotia chumvi mara mbili kwenye maharage, akala sahani nzima huku mimi machozi yananitoka.

Nilipomuuliza, alinishika sikio.

"Mume wangu," akasema, maana kwetu bibi humwita mjukuu hivyo kwa utani, "ukimwambia mtu, nakupa talaka leo hii."

"Sasa pombe utapikaje?"

"Mikono ninayo. Ulimi utaniazima wewe."

Ndivyo nilivyogeuka ulimi wa bibi, na haikuwa kazi nyepesi. Nikisema pombe ni chachu, aliuliza chachu kama nini. Nikisema kama limau, aliuliza limau la nani. Mtu mwingine angejibu lolote akaenda zake. Mimi nilizunguka kijiji nikionja malimau, nikarudi na jibu limeandikwa kwenye daftari: limau la nyuma ya ofisi ya kijiji, lisiloiva vizuri. Siku hizo nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, kazi niliyopewa kwa sababu nilionekana mara nyingi nikiwa nimeshika karatasi. Siku moja wanafunzi wangu, wote wakubwa kuliko mimi, walinikuta nalamba msumari wa mlango wa darasa. Niliwaambia natafuta neno. Ilikuwa kweli, lakini sikuwaona wakiamini.

Sasa, mlango wetu ulitazamana na wa mama mmoja aliyetoka mwambao wa Ujiji, ambaye wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Naye alipika pombe, na alipika vizuri. Nakiri niliionja kwa siri nikaandika ukurasa mzima, kisha nikauchana bibi asije akaniomba nimsomee. Kamati ya kijiji ikasema hakuna haja ya ugomvi: pombe ya msaragambo wa Jumamosi, tutakapolima shamba la kijiji, atapika bibi, ile ya msaragambo uliopita alikwisha kupika jirani, kisha wanywaji watachagua nani apike siku ya mavuno na sikukuu zote za kijiji tangu hapo. Bibi alisikia uamuzi huo akaanza kupepeta mtama. Usiku ule hakula. Kilimani alikwisha kung'olewa, lilibaki jina.

Alilowesha mtama, akauotesha chini ya majani ya migomba, ukatoa mizizi mizuri myeupe. Ulipofika wakati wa kuuanika ili uwe kimea, mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Akaamua kuukausha motoni, juu ya gae kubwa la chungu kilichovunjika. Yeye aliitwa ofisini, mimi nikaachiwa mwiko.

"Geuza," akasema. "Usiache mkono."

Sikuacha mkono. Niliacha akili. Wilayani walikuwa wametuletea kijitabu kipya cha kuchimba choo bora, nami nilitakiwa kukifundisha jioni ile. Niliogopa kukwama mbele ya darasa. Basi kulia nikashika mwiko, kushoto kijitabu, nikasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama wanafunzi wangu wanavyosoma, ili nijue mapema watajikwaa wapi. "Shi-mo li-we na ki-na cha ku-to-sha." Nilipofika ukurasa wa kifuniko, niliona moshi. Mkono wa kulia, kumbe, ulisimama tangu ukurasa wa pili.

Kimea kilikuwa na rangi ya kahawa ya Kalinzi iliyokwisha kukaangwa. Nilitafuna punje moja. Nilitafuna ya pili, labda ya kwanza ilikuwa na bahati mbaya. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nafunika uso: nilikisaga chote haraka, nikakichanganya na unga wa ulezi, ambao nao ni mwekundu mweusi, nikamwambia bibi aliporudi kwamba kazi imekwisha. Macho yake si ya kuona tofauti ya kahawia na kahawia. Pua, mnajua.

Jirani alichungulia mlangoni. "Mama, leo unapika ao unachoma?"

"Nachoma wivu wako," bibi akajibu.

Ijumaa pombe ilikuwa tayari. Nikasukutua mara nne, nikaonja, nikaandika. Nanukuu daftari kama lilivyo: *Rangi, maji ya mto Luiche wakati wa masika. Povu zito, linakaa. Harufu, ganda la kiazi kitamu lililosahaulika kwenye majivu. Mdomoni huanza tamu, kama muwa uliopitiwa na moto. Katikati ni kimea kitupu, kizito, unaweza karibu kukitafuna. Mwisho uchungu wa kahawa unaokaa ulimini kama mgeni asiyeaga. Nguvu: masikio yangu yana joto.* Chini yake niliandika "mbaya", nikafuta. Nikaandika "nzuri", nikafuta, karatasi ikatoboka.

"Ikoje?" bibi akauliza.

"Ina kina."

"Kina cha nini? Hii ni pombe au ni ziwa?"

"Ni... kina, bibi. Haijawahi kuwa hivi."

Hapo sikusema uongo, na najua huo ndio uongo wenyewe.

Desturi yetu ni kwamba mpikaji huonja wa kwanza mbele ya watu, kisha hutamka pombe yake ikoje. Akisifu kibovu, jina limekwenda. Akiomba radhi mapema, husamehewa. Kwa hiyo tulipatana alama: nikikuna sikio la kulia, asifu, nikikuna la kushoto, aombe radhi.

Jumamosi alasiri, majembe yakiwa yameegemezwa, watu walikaa kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake wa tete. Mbele kabisa alikaa mzee mmoja aliyefanya kazi ya jikoni melini miaka mingi, na ambaye katika kila mazungumzo alipata nafasi ya kusema "nilipokuwa melini". Huyo alionja bia za chupa za Wazungu wakati wengine hawajaona chupa. Neno lake ndilo lililosikilizwa.

Bibi akapiga magoti, akavuta mrija, akameza, akaniangalia.

Nilikuna masikio yote mawili.

Aliniangalia tena. Nikakuna tena, yote mawili, kwa nguvu zaidi.

"Mwalimu wenu ana chawa," bibi akasema. Watu wakacheka. Kisha niliona mkono wake umeukaza mrija mpaka ukapinda. "Leo sisemi. Ninyi ndio mmelima. Semeni ninyi."

Haikuwahi kutokea. Mzee wa meli akainama, akavuta, akafumba macho.

"Imeungua," akasema.

Jirani akapiga makofi. "Mimi nilisikia harufu tangu Jumanne! Nikajua nyumba inawaka, nikatoa watoto nje!"

Nilitamani lile shimo la kina cha kutosha. Lakini mzee alikuwa ameinama tena.

"Imeungua," akarudia, "lakini si kuungua kwa kuharibika. Ngojeni." Akavuta. "Nilipokuwa melini kulikuwa na bia nyeusi..."

"Achana na meli, mzee, hii ni karanga," akasema mmoja.

"Karanga? Umekula karanga gani wewe? Hii ni asali ya mzinga wa zamani."

"Ni kahawa!"

"Kahawa inakulevya?"

"Mimi nanyamaza tu," akasema mwingine, "maana mkiendelea kubishana nabaki na chungu."

Jirani naye akachomeka mrija, ili, alivyosema, athibitishe kwamba ni mbaya. Uthibitisho huo ulichukua muda mrefu. Kila aliyetaka kumshinda mwenzake alilazimika kuonja tena, na jua halijagusa milima ya Kongo chungu kikalia hewa tupu. Hawakuwa wamekubaliana. Mzee wa meli alijaribu kusimama ili atoe hukumu, akakaa, akaitoa akiwa amekaa.

"Jambo halijaisha," akasema. "Siku ya mavuno apike huyu mama, hii hii, isipungue wala isizidi, tumalize."

Bibi alitembea nyumbani wima kama msichana. Mlango ulipofungwa, nikamwambia yote: gae, kijitabu, unga wa ulezi. Alinirushia mwiko, ukanipata begani. Kisha akakaa kwenye kigoda.

"Ulinificha kwa sababu sionji," akasema.

Niliuokota mwiko. Ndivyo ilivyokuwa, na neno hilo liliniuma kuliko huo mwiko.

"Kiliungua muda gani?"

"Sijui. Nilikuwa nasoma."

"Kutoka wapi mpaka wapi?"

"Kutoka shimo mpaka kifuniko."

"Basi soma tena."

Tatizo ni kwamba nilikwisha kukijua kijitabu kwa moyo. Nilisoma, nikafika kwenye kifuniko, kimea bado kimepauka. Nilisoma polepole, nikajishuku kwamba ni polepole mno, nikaharakisha, nikajishuku tena, nikarudia ukurasa wa tatu kwa haki, kimea kikawa mkaa. Kila mara nilitafuna punje, na kila mara niliandika "siyo". Nilijaribu kujikwaa, lakini mtu hawezi kujikwaa kwa makusudi akafanana na anayejikwaa kweli. Mavuno yalikuwa yamebakiza siku kumi. Ilihitajika mtu asiyejua kusoma, anayejitahidi kwa dhati, tena wa kutunza siri.

Bibi alikuwa amekataa kisomo tangu siku ya kwanza. Alisema herufi hazipikiki.

"Bibi," nikasema, "nakuomba ukae hapa."

Tulianza na "shimo". Siku tano hakuna kilichokaangwa ila uvumilivu wangu. Aliita kila herufi jina la jamaa aliyefanana nayo. Siku ya sita nikaweka kimea kwenye gae, nikampa mwiko na kijitabu. Akasoma akitoka jasho, mdomo ukizunguka kila silabi, na kwenye ukurasa wa pili mkono wake ukasimama wenyewe, kama wangu. "Ki-fu-ni-ko," akasema, nikaipua.

Nilitafuna punje moja tu. Sikuhitaji ya pili.

Siku ya mavuno alionja wa kwanza. Nilikuna sikio la kulia peke yake, akasema, "Iko kama ilivyokuwa," nao wakabishana mpaka chungu kikakauka. Ameendelea kuwa mpikaji wa kijiji. Ameniruhusu niandike haya kwa sharti nisitaje jina la mtu; amesema wahusika watajijua wenyewe.

Wiki iliyopita alipika tena. Alikaa kwenye gae, akasoma kijitabu moja kwa moja bila kusimama, sauti imenyooka kama ya mtangazaji, na alipofika kwenye kifuniko aliniangalia kwa fahari ambayo sijawahi kuiona usoni pake. Pombe ilipoiva nikasukutua mara nne, nikaonja. Ilikuwa nyepesi, ya kimanjano, bila ule uchungu usioaga.

"Ikoje?"

Nilishika daftari. Nakiri nilifikiria neno "kina".

"Imepauka, bibi," nikasema. "Unasoma vizuri mno."

Akaufunga mlango jirani asisikie.

"Basi nenda wilayani," akasema, "kaniletee chenye maneno magumu."