Kichupa cha Aibu

Siku yangu ya kwanza katika maabara ile, jijini Kampala kwenye mteremko wa kutoka Mulago kwenda Wandegeya, nilifika na koti langu mwenyewe, jeupe, lililopigwa pasi, nililorudi nalo kutoka ng'ambo. Nilikuwa nimefanya kazi miaka tisa katika nchi ya baridi, mimi mtoto wa koplo wa polisi niliyekulia kambini. Sikuwa na digrii. Nilikuwa na diploma moja na mikono miwili, na wenye digrii walikuja kuniuliza jinsi ya kushika pipeti. Ninalisema bila haya kwa sababu ni kweli.

Kazi yetu ilikuwa kupima interlukini-6 kwenye damu ya watoto wachanga. Hiyo ni protini ndogo ambayo chembe za mwili huitoa maambukizi yanapoingia, kama king'ora cha kuita askari. Ikipanda, huenda mtoto yuko hatarini hata kama mwili wake haujachemka. Daktari Mkuu wa utafiti alitaka kujua kama kipimo hiki kingewatambua watoto hao mapema.

Ninyi siku hizi mnabonyeza kitufe. Sisi tulifanya kwa mkono. Sahani ya plastiki ina vishimo tisini na sita, na kila kishimo kimepakwa kingamwili ya kuinasa ile protini. Unatia maji ya damu, yale yanayobaki chembe zikiondolewa, unasubiri, unaosha. Unatia kingamwili ya pili iliyobeba kimeng'enya, unasubiri, unaosha tena. Mwisho unatia dawa ya rangi: penye protini nyingi, buluu inakolea. Siri iko kwenye kuosha, na hapakuwa na aliyeosha kama mimi.

Chini yangu alikuwa Hajati Zamu, Mnubi wa Bombo, mwenye cheti tu, aliyetutangulia wote mle ndani. Maji ya damu ya kila mtoto aliyagawa kwenye vichupa viwili. Nilipomuuliza sababu, akasema, "Moja ya kazi, moja ya aibu." Nikamwambia ng'ambo hatujazi friza kwa mambo ya namna hiyo, aache. Akaitikia, "Sawa, bosi."

Mimi nami nilileta mtindo wangu. Maji ya kuoshea yakikaa huota ukungu, basi nikayatia kidogo kemikali iitwayo azaidi kuyahifadhi, kama tulivyofanya kule miaka yote.

Sahani yangu ya kwanza ilikuwa na watoto thelathini na sita. Nikatia dawa ya rangi. Dakika tano, kumi, ishirini. Hakuna kilichobadilika. Hata vishimo vya kulinganishia, ambavyo tulivitia protini kwa kipimo tunachokijua, vilikuwa vyeupe kama maji ya kunywa.

Daktari Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakupaza sauti.

"Hawa watoto hatuwezi kuwatoboa tena. Wengine wamesharudi kwao, wengine tumewazika. Kama sampuli zimeisha, na wewe hapa umekwisha."

Nilikuwa bado kwenye miezi mitatu ya majaribio, na mtaa wangu mzima wa Kansanga ulijua nimerudi kuwa mkubwa. Nikaenda kwa Hajati. Sikujua hata ninamwomba nini.

Aliinuka taratibu, akavuta droo ya chini kabisa ya friza. Vichupa vya pili vilikuwa vimepangwa humo, vyote thelathini na sita, kila kimoja na namba yake.

"Nilikwambia uache," nikasema.

"Nilisikia, bosi. Lakini kusikia si kuacha. Sasa tafuta kosa kwanza, usinimalizie na hii."

Kosa nililitafuta, na nililipata mwenyewe. Nilichukua tone la kimeng'enya, nikaligawa: nusu kwenye maji yangu ya kuoshea, nusu kwenye maji mapya yasiyo na azaidi, nikatia dawa ya rangi. Mapya yakawa buluu papo hapo. Yangu hayakugeuka. Ng'ambo tulitumia kimeng'enya cha aina nyingine, kisichojali azaidi. Hiki cha Kampala azaidi hukiua. Nilikuwa nimekiosha mpaka kikafa.

Tukarudia sahani kwa maji safi. Buluu ilipoanza kupanda kishimo kwa kishimo, nilikaa chini kwenye sakafu na koti langu jeupe. Hajati akaniita bwana kwa Kiganda: "Inuka, sebo. Watu wa digrii watakuona."

Nilimwambia Daktari Mkuu kosa lilikuwa langu na vichupa vilikuwa vya Hajati. Akanibakiza.

Nimestaafu mwaka huu. Kwenye sherehe walisoma sifa zangu, na walizosahau nikawakumbusha. Hajati hakuwepo, alishatangulia mbele ya haki. Kabla ya kukabidhi funguo nilivuta ile droo ya chini. Vichupa vya pili, ambavyo tangu siku ile niliagiza vitengwe, vilikuwa vimejaa humo, vimeganda, havijaguswa. Nikaisukuma ikafunga, nikaenda zangu Kansanga, nikalala mchana kweupe.