Kulia Bila Maiti

Mjukuu wangu, huyu tunayeitana mke mwenza kwa utani wa bibi na mjukuu, ndiye aliyeniletea habari kwamba sauti yangu inatafutwa. Amesomea mambo ya kompyuta, na anafanya kazi na watu wanaotengeneza mchezo wa vita, ule wa kujenga mji kwenye kioo, ukauzungushia ukuta, kisha ukapigana na miji ya wenzako. Mji mmoja ndani yake ni Malindi ya zamani, na watu wa mji huo walitakiwa waseme kama walivyosema wenyewe.

"Bibi," akaniambia, "tunatafuta mtu anayejua lugha ya kale."

Nikamuuliza ni lugha ipi hiyo. Akasema ile unayosema wewe.

Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, na mpaka leo sijamaliza. Asubuhi ile ile nilikuwa nimegombana na muuza samaki kwa lugha hiyo hiyo, naye akanielewa vizuri sana, maana alinibadilishia samaki. Bibi yangu alinilea kwayo hapa Shella, mtaa wa Malindi, na mimi nikawalea wanangu kwayo. Kama wajukuu wameona haya kuisema mbele ya wenzao wa shule, basi waseme wameiacha. Wasiseme imekufa.

Lakini nilikwenda. Sitasema uongo, nilifurahi kuitwa. Nilijifukiza udi, nikavaa buibui langu la harusi za watu. Kumbe tunakwenda nyumba ya kupanga, chumba kimeegemezwa magodoro ukutani pande zote, dirisha limezibwa, na feni imezimwa isije ikasikika. Joto la kuivisha mayai. Kila kunguru akilia juu ya bati, tunasimama, tunamngoja amalize maneno yake. Msimamizi alikuwa mtu wa bara, mpole, amefunika masikio kwa vidude vya kusikilizia. Alinipa shikamoo yangu, nikamwitikia marahaba, nikasema moyoni huyu amelelewa.

Shule mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mjukuu alikuwa akinisomea mstari, mimi nausema. Maneno yenyewe yaliandikwa na mtu ambaye sidhani kama amewahi kubisha hodi. Mfalme anamtuma mjumbe nafaka, hamsalimu, hamuulizi ameamkaje. Mwanamke wa sokoni anaambiwa jenga ghala, anajibu "Ndiyo", basi. Nikawaambia hapa kwetu hata mtu unayekwenda kumtukana unamsalimu kwanza. Msimamizi akacheka, akasema mchezaji ana haraka, vita vimeshaanza. Nikamwambia kama watu hawaamkiani, huo mji hauna haja ya adui, utaanguka wenyewe.

Tukapatana yule mwanamke wa sokoni niachiwe mimi. Nikampa ulimi wake. Ukimbonyeza mara tatu na huna kazi ya kumpa, anakuuliza kama kwenu huna mama wa kumsumbua. Mjukuu alicheka mpaka akaharibu mstari, tukarudia. Kwa hilo nilijivuna, na bado najivuna.

Ikabaki kitu kimoja. Msimamizi akasema mji ukitekwa, wanawake hulia, na alitaka nilie kidogo tu, hata kwa muda wa kunywa funda la maji. Nikakataa. Kulia bila maiti ni uchuro. Nilipokuwa mdogo, mtoto aliyecheza kwa kulia kilio cha msiba alipigwa kofi la mdomo, kwa sababu msiba ukiitwa huja. Hakubishana nami. Akasema sawa, ila angependa kuelewa.

Basi nikamweleza, na hapo ndipo nilipokosea. Nilimsimulia habari ya mdogo wangu, tumbo moja, aliyeolewa Kakuyuni. Alifariki alfajiri, akazikwa kabla ya adhuhuri. Mimi nilifika wanaume wanarudi makaburini, wanapangusa udongo mikononi. Sikuuona uso wake. Wanawake wakanishika huku na huku, subira, subira, nami nikaishika hiyo subira mwaka mzima. Ndani ya chumba kile, mbele ya mtu nisiyemjua, ikaniponyoka. Nililia, namwambia mdogo wangu nimefika, nipo hapa, mpaka mjukuu akapiga magoti mbele yangu. Hakuna aliyeniambia kwamba mashine ilikuwa bado inarekodi.

Miezi ikapita. Ijumaa moja, baada ya sala, mjukuu akaja na kompyuta yake, mchezo karibu utolewe. Mwanamke wa sokoni akasema yake, nikacheka mpaka nikakohoa. Kisha maadui wakavunja ukuta, nyumba zikashika moto, na kutoka kwenye moshi ule nikajisikia mwenyewe.

"Nili hapa, mdogo wangu. Nili hapa."

Sikumpiga mjukuu wangu, lakini mkono uliwasha. Nikamuuliza nani ametoa ruhusa. Akasema alidhani nimeulizwa. Nikamtazama. Akainamisha kichwa, akasema hapana, alijua, aliisikia walipokuwa wakiipanga, kila mtu ofisini alitokwa na machozi, naye akashindwa kuwaambia kwamba sijaulizwa.

Hebu fikiri. Mtu nisiyemjua, mahali nisipopajua, anakula viazi karai vyake, anapoteza mji, ananisikia nikimlilia mdogo wangu, anapangusa mafuta vidoleni, anaanza upya. Na kesho tena. Mdogo wangu amekufa mara moja tu.

Nikamwambia mjukuu ampigie simu yule msimamizi, niseme naye. Akapokea kwa adabu zake zile zile. Akasema katika mchezo mzima hakuna kitu cha kweli kama kilio kile, na kwamba kinaihifadhi lugha yetu.

"Najua ni cha kweli," nikamwambia. "Ndiyo maana si chako."

Akasema wataandika jina langu mwishoni. Nikamjibu jina langu Shella linajulikana bila yeye. Achague: kitoke kilio, au kitoke kila kitu changu, na yule wa sokoni pia, Malindi yake ijae mabubu. Akaanza kusema kazi ya watu wengi haibadilishwi kwa matakwa ya mtu mmoja. Hapo mjukuu akaninyang'anya simu. Akamwambia atakiondoa kwa mkono wake siku hiyo hiyo, na kama kazi yake itaisha, iishe.

Kazi haikuisha, ingawa wenzake walimnunia wiki kadhaa. Jioni ile aliporudi kutoka ofisini akaniambia tayari, kimetoka. Lakini mimi neno la mtu yeyote kwa jambo hilo nilikuwa silichukui tena, hata lake. Nikavuta kiti, nikamwambia aupoteze mji mbele yangu.

Akafungua malango, akawapeleka askari wote shambani. Maadui wakaingia, ukuta ukaanguka, nyumba zikaungua. Moto tu ndio uliosikika.

"Umeridhika, mke mwenzangu?" akaniuliza.

"Upoteze tena."

Aliupoteza mara nne kabla sijamruhusu aende akale.