Kupasua Bila Kugusa

Kwa miaka mingi nilipasua watu kwa mikono yangu hospitalini Korogwe, na utumbo niliujua kwa vidole kabla ya macho. Nilipopelekwa nje ya nchi kujifunza kupasua utumbo mpana kwa roboti, nilidhani nitakuwa mwepesi. Haikuwa hivyo.

Unakaa mbali na mgonjwa, uso kwenye kioo, vidole kwenye vishikio. Mikono ya chuma ndiyo inayoingia tumboni. Kila mshipa unauona, lakini huhisi chochote. Mwalimu wangu, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, alikaa kwenye mashine ya pili iliyounganishwa na yangu. Siku ya kwanza nilivuta utumbo kidogo tu, mara vishikio vikaacha kunitii. Alikuwa amenipokonya usukani.

"Ulikaribia kuuchana," alisema.

"Sikuhisi, mwalimu."

"Wala hutahisi. Tazama rangi. Ukivuta sana utaona unapauka."

Wiki ile alinipokonya tena na tena. Kozi iliposimama kwa wiki mbili, nikarudi nchini, kwa mama yangu kijijini Kang'ata. Nikashindwa kutulia. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, nikaenda shambani nikarudi, nikawapigia simu wenzangu Korogwe kuuliza nani yuko zamu. Mama alikuwa akimenya muhogo.

"Huko anayepasua ni nani, wewe au mashine?"

"Mimi, mama."

"Mbona unajibu kama mtu aliyefumaniwa?"

Kabla likizo haijaisha, nikaenda Mkata kupanda basi, nianze safari ya kurudi kwenye kozi.

Mgonjwa aliyefuata alikuwa mzee mwenye uvimbe karibu na njia ya haja kubwa. Nilivuta utumbo, nikaona unapauka, nikalegeza. Nikavuta tena, taratibu. Safari hii vishikio vilinitii. Mwalimu alinipokonya mara moja tu, ndani kabisa ya nyonga, kisha akanirudishia usukani. Mzee yule alipona, akaenda kwao.

Sasa niko Korogwe. Mashine ile hatuna, na hakuna anayejua itafika lini. Kila Jumamosi nafanya mazoezi kwenye kompyuta inayoigiza mashine ile, na madaktari wawili wameomba niwafundishe.

"Dada," mmoja aliniuliza juzi, "kwa nini tunajisumbua na kitu ambacho hakipo?"

Nilimsogezea kiti mbele ya kompyuta nikamwambia aanze.