Saidati hamezi kinini kabla ya kuhesabu moyo

GISENYI, Machi 1957 – Saa sita mchana, fundi Saidati anaondoa miguu kwenye cherehani, anajishika kifundo cha mkono na kukodolea macho saa ya ukutani. Mteja aliyetoka Goma kufuata gauni lake anaanza kulalamika. Saidati anahesabu mapigo ya moyo wake.

"Makumi tano na saba," anasema. "Bon, naweza kumeza."

Anapiga funda la maji, kinini, kidonge chake cha dawa, kinashuka, kazi inaendelea.

Mama huyu wa miaka thelathini na mmoja ana maradhi yanayolegeza misuli. Yalianza na kope: ikifika alasiri zinaanguka zenyewe, watu wakadhani anasinzia kazini. Kisha mikono ikakataa kuinua mkasi. Aliyekuwa akishona magauni tisa kwa wiki akabaki na mawili, tena kwa taabu.

Vinini vitatu vya mchana vilimrudishia mikono. Ila vina jambo lao: huipa misuli nguvu, lakini huupunguzia moyo mwendo. Ndiyo maana humezwa kimoja kimoja, kila kimoja kwa saa yake.

Ramadhani iliyopita Saidati akaona amepata ujanja. Mchana amefunga, hawezi kumeza kitu. Basi akavimeza vyote vitatu pamoja wakati wa daku.

"Mi nilizania nimefanya akili," anacheka. "Mate ikajaa kinywani, tumbo ikanikata, kisha moyo... inapiga, inangoja. We unajiuliza: itarudia kweli?"

Asubuhi mumewe, Abdu, alimkuta ameanguka juu ya vitambaa. Muuguzi Munyaneza alihesabu mapigo thelathini na sita kwa dakika.

"Nilimwambia, mama, Mungu hakukuomba hii," anakumbuka Munyaneza. "Nikamufundisha kuhesabu. Kama iko chini ya makumi tano, asimeze, akuje kwangu."

Mwalimu wa msikiti alimruhusu kula na kulisha masikini badala ya kufunga. Ruhusa aliipata, aibu haikumtoka. Siku zilizobaki alimezea vinini nyuma ya pazia, mara nyingine akachelewa akingoja wateja watoke. Mikono ikalegea, nguo za Idi za watu zikalala bila kushonwa. Hilo linamuuma mpaka leo.

Wiki ijayo mwezi utaandama tena. Saidati amekwisha pokea nguo kumi na nne za Idi, na pazia amelikata akamshonea bintiye gauni.

"Nitamezea hapa hapa, mbele ya mulango," anasema. "Mutu akiniuliza, nitamupa mukono, ahesabu mwenyewe."