Kibao cha Jonet

Elspeth Geddie alianza kuchapwa mkanda akiwa na miaka saba, kiwandani Arnbeg, kule Uskoti, kwa kosa la kusinzia huku akiokota pamba chini ya mashine. Kwa hiyo Bwana Lorimer aliponunua kiwanda kile, akapiga marufuku mkanda na kuwapeleka watoto wadogo shule, Elspeth alimwamini moja kwa moja. Nani asingemwamini?

Badala ya mkanda, Bwana Lorimer alitundika vibao. Kila mfanyakazi na chake, cha mti, chenye pande nne: mweupe kazi safi kabisa, wa njano nzuri, wa buluu ya hivi hivi, mweusi mbaya. Kila asubuhi msimamizi aligeuza mbele upande wa kazi ya jana, na tajiri akapita akitazama. Hasemi neno. Maneno yake aliyaweka kwa ajili ya Jumapili, ukumbini: "Mtu hajiumbi tabia mwenyewe. Anaumbwa na mahali alipo. Ukimwona ameharibika, uliza mahali pake pana nini." Wengine walisinzia. Elspeth aliyashika kama Zaburi.

Alipofika miaka thelathini akafanywa msimamizi wa chumba cha kuchambulia pamba. Humo alikuwemo mdogo wake, Jonet, na vumbi la pamba lilikuwa limeshamwingia kifuani. Elspeth alitaka jambo moja tu: Jonet ahamishiwe jikoni, penye hewa, kabla hajafa. Jioni moja akamwambia kuwa kesho atageuza kibao chake upande mweusi.

"Nyeusi, dada? Watu watanionaje? Si ukamwambie tu Bwana kwa mdomo!"

"Nikimsemea ndugu yangu nitaambiwa napendelea. Kibao hakina ndugu. Akikiona atauliza mahali pako pana nini. Si ndivyo anavyohubiri?"

"Makubwa! Haya, msomi wetu. Ila akiniaibisha, uji wa shayiri utajipikia mwenyewe."

Asubuhi Bwana Lorimer akasimama mbele ya kibao cheusi. Akamtazama Jonet kwa masikitiko, kama baba aliyeaibishwa na mwanawe. Elspeth alisubiri lile swali. Tajiri akatikisa kichwa kidogo, akaenda zake.

Laiti angetukana! Tusi lingejibiwa. Jonet alijifunga shali mdomoni, akaanza kukimbizana na mashine huku akikohoa.

"Acha, Jonet, nilikosea. Nakwenda kumwambia sasa hivi."

"Thubutu! Umeshaniaibisha vya kutosha."

Elspeth akanywea. Kesho yake kibao kikawa cha buluu, kesho kutwa njano. Siku ya nne kikawa cheupe, na kwa haki kabisa. Bwana Lorimer alipita akatabasamu. Asubuhi iliyofuata Jonet hakuamka.

Jumapili Bwana Lorimer alipomaliza kuhutubia, Elspeth akasimama, kibao cha marehemu mkononi.

"Bwana, wiki jana hiki kilikuwa cheusi. Ulikiona?"

"Nilikiona, Elspeth. Pole sana. Lakini jitihada ile! Alimaliza na nyeupe."

Elspeth akaenda ukutani, kwenye msumari wa kofia ya tajiri, akakitundika kibao, upande mweusi mbele.

"Hiki chako. Hukuuliza."

Kisha akatoa mfukoni kibao chake mwenyewe, akakitundika kando, cheusi vilevile.

"Na hiki changu. Nilikuwa na mdomo."