Mzigo wa Kurudia

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba lori linalotoka Singida kwenda mpakani mwa Rwanda litarudi kwa barabara ileile. Niliyahesabu malori ya kwenda, nikazidisha kwa mbili, nikaona nimemaliza.

Umeme sikuusomea darasani. Nilijifunza kwenye kibanda cha fundi redio mtaa wa Ng'ambo, Tabora, kisha kwa kusoma kwenye simu, na kila ninachokijua nakijua kwa woga, kama mtu aliyevaa kanzu ya kuazima. Kwa hiyo ofisi moja ya utafiti ya Dar es Salaam iliponipa mwezi mmoja wa majaribio, wiki nzima nilisoma simu hadi usiku wa manane. Walitaka kujua kama inawezekana kutandaza nyaya juu ya barabara ya Singida hadi Nzega, na kuendelea mpaka mpakani, ili malori yainue mkono wa chuma, yaguse waya na kula umeme huku yanatembea. Kama ripoti yangu ingekubalika, ningeajiriwa.

Siku tatu nilikaa njia panda ya Nzega, kwenye banda la mama mmoja muuza chai. Jua lililegeza lami. Malori yalitokea mbali yakielea, hayana magurudumu, kama yanavuka ziwa ambalo halikuwepo. Niliweka vijistari daftarini huku nikisikia nyaya zisizokuwepo zikivuma juu yangu. Mara nyingine niliwaona wapagazi wa zamani wakipita chini ya nyaya hizo, mizigo mabegani, hawana haraka, na malori yakiwafuata taratibu bila moshi.

"We kijana," mama wa chai aliniamsha, "ukimaliza magari ya watu utahesabu na nzi wangu?"

Siku ya pili baba yangu alipita. Ni dereva wa lori tangu sijazaliwa, na safari hiyo alikuwa amebeba saruji ya kupeleka Rwanda. Alipiga honi mara mbili. Nikamwekea kijistari kama wenzake.

Jedwali la hesabu nililinakili upya mara nne kwa sababu ya mstari mmoja uliopinda. Lilipendeza. Kwa kuwa lori lingekuwa chini ya waya wakati wote, nilipendekeza betri ndogo, nyepesi na ya bei nafuu. Nikatuma.

Siku kumi baadaye nilikuwa nyumbani kwetu Ipuli, mjini Tabora. Lori la baba lilikuwa limeegeshwa nje, turubai limefungwa, na harufu tamu ya tumbaku kavu imejaa uani hadi jikoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, injinia wa simu. Lete huo uchawi wako tuuone."

Nilimpa jedwali. Alilisoma polepole, kidole kikishuka, ugali ukimngoja.

"Mimi nimo humu?"

"Umo. Jumanne, saa nane mchana."

"Na kurudi umeniandika nimeshika tena barabara ya Singida?"

"Ndiyo, baba."

"Basi anayekula ugali hapa ni nani?"

Mama alicheka hadi akaweka sahani chini. "Mgeni huyo. Mwanangu keshampeleka mume wangu Singida."

Baba hakucheka sana. "Kurudi tupu ni kurudi uchi, mwanangu. Nikifika Nzega nakunja kuja Tabora, napakia tumbaku, nashika njia ya Manyoni mpaka Morogoro. Wenzangu wengine huingia vijijini Igunga kufuata pamba. Nani anarudi na upepo?" Akagonga karatasi kwa kidole. "Hii betri yako ndogo, ikitoka kwenye waya pale Nzega, itanifikisha hapa?"

Nilipiga hesabu kichwani, ingawa jibu nilikuwa nalo. Ingezimika porini katikati.

"Haitafika."

"Sasa tajiri akinunua magari ya namna hiyo, mimi nyumbani nitakuja lini?"

Aliuliza bila hasira, akanawa mikono, akaanza kula. Mimi nililivuta jedwali karibu. Utoto wangu wote baba alikuja nyumbani kwa sababu ya mzigo wa kurudia. Tulipoisikia harufu ile mlangoni tulijua amefika hata kabla ya kumwona. Nami nilikuwa nimemfuta kwa kuzidisha kwa mbili.

Nakiri kwamba nilinyamaza siku mbili. Ofisini hakuna ambaye angegundua, na kazi niliitaka. Mchana nililala nikaota nyaya zikipita mbali na mji wetu, zimenyooka kama mistari yangu, na mama amesimama uani akinusa hewa isiyo na kitu.

Siku ya tatu niliandika barua. Nilisema hesabu ya kurudi niliikisia, na kwamba betri ndogo ingewafungia madereva kwenye waya. Barua hiyo sikuinakili upya. Ilikuwa na neno nililolikata, nikaliacha vilevile.

Ajira sikupewa. Walinirudisha Nzega kwa mwezi mwingine wa majaribio, nikahesabu upya, nikiyasimamisha malori yanayorudi. Ripoti ya pili ina betri kubwa, gharama zaidi na jedwali lililojaa mishale ya kwenda Tabora na Igunga. Nyaya bado hazijatandazwa, na huenda zisitandazwe. Tangu wakati huo nahesabu magari pande zote mbili, na kila dereva namuuliza anarudi na mzigo gani na kwa njia ipi.