Beji Zilizotunzwa Vizuri

Nilirudi kutoka Tanzania na cheti cha kupiga eksirei, pamoja na tabia ya kutunza vitu kupita kiasi. Kliniki ndogo iliyoniajiri pale Gisenyi, ambayo siku hizi haipo, ilipewa beji mbili za kupima mionzi: moja yangu, nyingine ya muuguzi niliyefanya naye kazi. Kila miezi mitatu zilipelekwa Kigali zikasomwe mionzi kiasi gani imetupata. Mwenye kliniki alituonya zisipotee wala zisichafuke.

Basi mimi, bwana usafi, nikazifungia kabatini. Tulizivaa siku ya mkaguzi tu, kama nguo za Krismasi. Muuguzi aliwahi kuuliza mbona hatuzivai, nikamjibu kwa ukali kwamba watoto wataitapikia ya kwake. Yeye ndiye aliyewashika watoto watulie wakati wa kupigwa picha. Mimi nilibonyeza kitufe nikiwa nyuma ya ukuta.

Mwaka wa pili akapata mimba. Aproni ya risasi, ile nzito ya kuzuia mionzi, ilikuwa imepasuka zamani. Akaenda kwa mwenye kliniki kuomba mpya, nami nikamsindikiza.

"Patron, mi niko na mimba," akasema. "Ile tablier imepasuka. Mutoto wangu atakuwa namna gani?"

Mwenye kliniki alikuwa mtu mpole. Akafungua faili.

"Bon, angalia, mama. Karatasi ya Kigali inasema hakuna kitu. Zéro kila mara. Donc unaogopa nini?"

Muuguzi akanigeukia. Nilishikwa na aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nimeficha hata kipimo.

"Hizo sifuri ni za kabati," nikasema. "Hatujawahi kuzivaa kazini."

Chumba cha eksirei kilifungwa majuma matatu hadi aproni mpya ilipofika. Waliovunjika mikono walilazimika kuvuka mpaka hadi Goma, wakinisema njia nzima, na sikuwalaumu. Muuguzi alihamishiwa chumba cha sindano.

Siku chache kabla hajajifungua alinikuta uani naanika mashuka. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi.

"Kaka, we umesoma," akasema. "Niambie tu. Ile miaka yote, mi nimepata kiasi gani?"

"Sijui, dada," nikamjibu. "Na hakuna atakayejua."

Akashika tumbo lake kwa mikono miwili, akarudi kazini.